Posa Niloivunja Mwenyewe

Mie Mungu kanipa kipaji kimoja tu, kuozesha watu. Skuli nilikwenda kidogo. Nikajua kuandika jina langu na kusoma bei za vitu, nikatolewa nikatiwa jikoni. Lakini niweke kwenye harusi, nikae pembeni na kikombe changu cha kahawa, na biriani haijapakuliwa nshajua nani wa nani. Hapa mtaani kwetu Mji Mkongwe kuna nyumba nikipita nje nikasikia watoto wanagombana ndani, najisemea moyoni, kelele hizo kazi yangu mimi.

Watu huniuliza, "Bi, unajuaje?" Naangalia vijambo vidogo tu. Mwanamme namtizama anavyosema na yule anomtilia chai. Mwanamke namtizama uso wake pale anapoambiwa kitu alichokitaka kimekwisha. Sura pia naitizama, siwadanganyi, lakini baada ya hayo mengine.

Sasa nnataka kuhadithia posa moja ambayo niliipeleka mwenyewe na nikaivunja mwenyewe, kikao hichohicho, hata soda haijaisha.

Ilianzia kwenye kapu. Nyumba yangu ya zamani, ngazi zake zimesimama kama ukuta, na magoti yangu nayo yana kiburi. Kwa hivyo nna kapu na kamba pale dirishani. Akipita muuza mboga nateremsha, anatia mchicha, navuta. Mkate wa asubuhi, samaki, dawa zangu, vyote hupanda kwa kapu. Mjukuu wangu, ambae mama yake anafanya kazi za zamu hospitali na kwa hivyo kutwa yuko kwangu, siku moja alitaka apandishwe na yeye. Nikamwambia pungua kwanza.

Basi siku hiyo nimeteremsha kapu nasubiri ndizi. Navuta, naona mbona zito. Ndani mna halwa, kifurushi kizima, bado ina moto. Nikachungulia, dada yangu kasimama chini na baibui lake, anatizama juu.

"Dada, mie nna sukari. Halwa ya nini?"

"Si yako. Nifungulie mlango."

Nikajua kuna jambo. Dada yangu ni mkubwa wangu, anakaa Kiembe Samaki, na ngazi zangu hazipandi ila kuwe na msiba au harusi, na msiba ningekuwa nshausikia.

Ana mwana mmoja tu, mwanamme, mtu mzima. Kwetu tunapenda kuzungukazunguka katika mambo kama haya, kwa hivyo nitasema mara moja tu lakini kwa wazi. Mwana huyo alimdhalilisha kijinsia mtoto wa jirani. Alishitakiwa, ikathibitika, akafungwa. Mtoto yule na watu wake sitawahadithia hapa. Yao ni yao, na walimwengu wameshawasema vya kutosha. Huyu wetu alimaliza kifungo chake, akatoka, akarudi kwa mama yake, akaingia chumba cha nyuma.

"Akae mle ndani namna ile mpaka lini?" dada akanambia, hata pumzi za ngazi hazijamrudi. "Aozwe. Mie nshaamua. Mwanamme akiwa na mke hutulia."

Kwetu sisi ndoa ni kama panadol. Kijana mvivu, aozwe. Sigara zimezidi, aozwe. Anasema peke yake, aozwe haraka kabla watu hawajajua. Na mie ndo duka lenyewe la panadol, kwa hivyo siwezi kucheka sana.

Ila wakati huo nilikuwa nshasomeshwa. Kabla hajatoka jela alikuja kwangu mwanamke mmoja wa ustawi wa jamii. Bado kijana, na miwani, na viatu vya kisigino. Zile ngazi zilimtia adabu, alifika juu viatu kavishika mkononi. Kazi yake kuwaendea jamaa wa wanaotoka kwa makosa kama haya, ajue mtu anarudi kwa nani na watu hao wakoje. Nikamtilia kahawa, nikamwekea kashata, nikamuuliza kama kaolewa. Kaolewa. Basi tukasema yalomleta.

Nikamuuliza lile ambalo ukoo mzima tulikuwa tukiulizana chinichini.

"Atarudia?"

"Sijui, bibi," akasema. Nikampenda hapohapo, maana watu wa maofisini neno hilo haliwatoki. "Wengi hawarudii. Lakini yapo mambo yanomsogeza mtu karibu na kurudia, na yapo yanomweka mbali."

"Mambo gani?"

"Akikaa hana kazi. Akikaa peke yake, hana hata mtu mmoja wa kusema nae kweli. Akiwa na hasira, au roho imemdidimia, akajificha nayo, ndo anaanza kutafuta cha kujiliwaza. Zile fikra zikimjia akanyamaza nazo. Akijiona keshapona, hahitaji kuangaliwa. Na pale watu wake wanapomwachia watoto kwa sababu wanaona haya kumkatalia. Hapo pabaya kabisa."

"Na akiwa na kazi? Na watu wazima wenziwe wa kukaa nao?"

"Hapo anakuwa na kitu asichotaka kukipoteza. Huko ndo tunapotaka afike."

Mie nikisikia maneno makubwa huyageuza yawe ya jikoni, ndo nayameza. "Kama mie na sukari yangu," nikamwambia. "Daktari hanambii nimepona. Ananambia usiweke halwa kabatini. Na saa yangu mbaya ni baada ya alasiri, nimekaa peke yangu, hamna wa kupiga nae porojo. Hapo mkono hwenda wenyewe."

Akacheka, akasema bibi umefahamu kuliko sisi tuliokaa darasani. Maneno ya kumpa mzee hayo, lakini niliyapokea. Kisha akaacha kucheka.

"Ila halwa haiumii, bibi. Mtoto anaumia. Wewe ukiteleza unajidhuru nafsi yako. Yeye akiteleza anamdhuru mwengine. Kwa hivyo mtu huyu hajaribiwi. Nyumba yenye watoto asikae, na asiachiwe nao hata kidogo, hata kama anaonekana mzima wa afya na swala tano hazimpiti."

Maneno hayo niliyaweka.

Sasa narudi kwa dada, kakaa kwenye kiti changu na halwa yake mapajani.

"Umemwona nani?" nikamuuliza.

"Mjane mmoja, Nungwi. Anashona mito na mapazia ya mahoteli. Mtu mzima, mtaratibu, hana makuu."

"Kwa nini mpaka Nungwi?"

Dada akashughulika na mtandio wake. Nungwi kwa sababu Nungwi hawajui; hilo hakulisema na mie sikulivuta.

"Ana watoto?"

"Hana mzigo."

"Na ataambiwa?"

"Ataambiwa, ataambiwa. Kwanza tukubaliwe."

Nikakubali, tena kwa furaha. Tangu mfungo uishe sijapeleka posa, mwili ulikuwa unaniwasha. Na mawazo yangu nikaona yamekaa sawa kabisa: mke mtu mzima, nyumba haina watoto, mambo yote ataambiwa, akiridhia karidhia. Si ndo kile kitu asichotaka kukipoteza? Nikaona nitawafurahisha dada na yule wa ustawi kwa safari moja. Nikaanza kufikiri nitavaa nini.

Siku ya kwenda nikapitia Kiembe Samaki, gari ya kukodi ikatusubiri nje. Dada alikuwa anajifukiza udi, nikaenda kugonga chumba cha nyuma. Madirisha yamefungwa, mapazia yameteremshwa, joto lake kama ndani ya tanuri.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Unajipika humu?"

Akatabasamu kidogo. Huyu alikuwa mtoto mchekeshaji sana. Kwenye harusi zangu alikuwa akituigizia bwana harusi anavyotembea akiwa kiatu kinambana, tunalia kwa kicheko. Na mie nilimpenda, na nampenda, sijui nifanye nini na pendo hilo, lipo tu. Nikakaa kwenye ncha ya kitanda.

Akanambia hatoki. Asubuhi hana pa kwenda, jioni hana wa kukaa nae. Mama yake anamletea sahani mlangoni na kumwambia yaliyopita yamepita.

"Yamepita?"

"Mama ndo anavyosema. Anasema alikuwa shetani." Akaangalia viganja vyake. "Hakuwa shetani, mama mdogo. Nilikuwa mimi. Kazi imenitoka, na mke nilokuwa nae wakati ule hatusemezani, nikajifungia ndani hivihivi kama sasa. Watoto wa jirani wanakuja kutizama tivii, na mtaa mzima unanisifu, mtu mwema huyu, anapenda watoto. Sasa nikimwambia mama kwamba chumba hichi kinanitisha, analia. Basi namwambia niko sawa."

"Na hii posa?"

"Keshaamua. Kumkatalia nna muhali, baada ya yote nilomtia."

Muhali. Ile haya ya kumkatalia mtu wako hata kwa jambo unalolijua baya. Kisiwa hichi kizima kimesimama juu ya muhali. Ungeondoka, nadhani tungezama sote baharini. Nikampapasa bega, nikatoka, nikaingia garini. Na hapo ndo nilikosa kuuliza swali moja, kama mama yake kamwambia mke mwenyewe nani na yukoje. Nilidhani kamwambia.

Nungwi tulifika jua limepanda. Nyumba ndogo, uwa umefagiwa mpaka mchanga una mistari, ndani mito ya rangi zote imepangwa mpaka dirishani na mashine ya kushonea iko katikati kama bibi harusi. Mwenyewe mwanamke mnene, mchangamfu, uzi umemning'inia begani hana habari. Nilimkagua kama kawaida yangu na nikampenda. Alipoambiwa na mtu wa dukani kwa simu kwamba kitambaa cha kijani kimekwisha, alisema "haya, tutashona buluu," akakata. Nikasema huyu anaolewa kesho.

Dada akaweka juu ya meza halwa mpya, ilopikwa asubuhi ileile. Yule mjane akaitizama, akatutizama.

"Bi wakubwa, kama mmekuja kwa lile nnalodhani, semeni na mimi mwenyewe. Mara ya kwanza nilichaguliwa. Mara hii nnajichagulia."

"Na ndivyo," nikamwambia. "Mtu mzima hasemewi."

Akapiga ukelele wa kuita kuelekea uwani. "Naam," wakaitikia wawili kwa pamoja. Wakaingia watoto wa kike, mmoja rika la mjukuu wangu, mmoja mdogo zaidi, wamebeba soda na sahani ya visheti. Wakatuamkia, wakatubusu mikono.

"Wa nani hawa?" nikauliza.

"Wangu. Baba yao katuachia sisi watatu na hii mashine."

Nikamtizama dada. Dada alikuwa anatizama juu. Nyumba yenyewe ya mabati, hamna hata dari ya kutizama.

"Wanataka baba, masikini," mjane akaendelea, anawafungulia soda. "Huyu mdogo, fundi akija kutengeneza mashine, basi anamvutia kiti, anamwonesha picha alizochora, fundi wa watu hafanyi kazi."

Yule mdogo akasogea kwenye goti langu, kidole kakielekeza kwenye halwa. "Bibi, hii ya kwetu au mnapita nayo?"

"Toka hapo, huna adabu," mama yake akamwambia, lakini kwa kucheka.

Maneno ya posa nayajua kama jina langu. Yalikuwa yamekaa ulimini, mazuri, yamepangwa, kwamba tumepita tumeona taa inawaka kwenu tukaja kuomba nuru. Dada akanigusa kwa kiwiko. "Sema."

Nikamwambia yule mjane, "Mwanangu, waambie watoto wakacheze nje."

Wakatoka, na visheti vyao. Nikangojea mpaka nikawasikia mbali.

"Huyu dada yangu ana mwana," nikasema. "Huyo ndie alotuleta. Alikuwa jela. Alimdhalilisha mtoto. Kamaliza kifungo chake na katoka."

Dada akanivuta baibui mpaka mtandio ukanivuka kichwani. "Msamehe huyu, sukari imempanda."

"Sukari yangu imetulia. Na posa siiombi. Nilikuja kuiomba, lakini sikujua humu mna watoto. Nyumba yenye watoto haimfai yeye, wala yeye haifai nyumba hiyo."

Yule mjane alinyoosha mkono akautoa ule uzi begani, akauzungusha kidoleni, akauzungusha tena.

"Na mkaja na halwa," akasema.

Dada akauvuta mtandio wake.

"Mlitaka kunambia lini?"

"Ukishamjua," dada akasema, na sauti yake ikaanza kukatika. "Ungemjua ungeona si mtu mbaya. Ni upweke tu ule. Hata mkewe mwenyewe alokuwa nae alisema..." Alijisikia mwenyewe.

"Alikuwa na mke wakati ule?"

"Alikuwa nae," nikasema mie.

"Basi mke si dawa," yule mjane akasema, bila ya ukali, kama anampa mtu bei ya mto.

Akainuka, akaichukua halwa, akairudisha kwenye mfuko wake, akamkabidhi dada kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Tulipofika mlangoni akanishika mie peke yangu. "Bi, nipe nambari yako ya simu." Nikampa, huku nafikiri nshajitia polisi uzeeni.

Njiani dada alikaa mbele na dereva ili asikae na mie. Tukapita mashamba.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema, ananitizama kwa kioo cha dereva.

"Ulinambia hana mzigo."

"Watoto si mzigo. Watoto neema."

Ulimi ule, ungekuwa wangu ningekuwa waziri. Alikuwa kaitupa halwa nyuma, imekaa pembeni yangu bado vuguvugu. Nikafungua. Nikala kwa vidole, nna huzuni, hamna wa kusema nae, na nikajua kabisa nnachokifanya, yaleyale alonambia yule wa ustawi moja baada ya moja, na bado nikala mpaka Mahonda.

Dada alinikata. Simu hapokei, salamu haleti. Akazungumza na jamaa, na ukoo ukanichukia kwa zamu, leo huyu kesho yule. Eti nimepasua sitara ya mtoto wetu. Sitara mie siikatai, na aibu za watu nilizozifunika mtaani humu zingejaza ghala. Lakini kumsitiri mtu ni kumfunika yeye. Shimo halisitiriwi, ukilifunika wenzio watatumbukia. Nikawaambia hivyo, wakasema nimezeeka.

Mwana mwenyewe ndo alonipigia.

"Mama mdogo, mama hakunambia kuna watoto."

"Nshajua."

"Ningekwenda. Kwa muhali huohuo, ningekwenda. Halafu ningekaa kule hamna anonijua, na kila mtu ananiona mtu mwema, anapenda watoto."

"Umesema hayo kwa yule wa ustawi?"

"Bado."

"Mpigie sasa hivi. Mie nangoja hapahapa, ukimaliza nipigie tena."

Alimpigia. Na ikachukua muda, sitasema ilikuwa siku mbili tatu, lakini akapatiwa kazi kwa fundi wa chokaa, wale wanotengeneza majumba ya zamani humu mjini. Fundi kaambiwa yote kabla. Mzee mkali, haoni haya kuuliza, na mafundi wake wote watu wazima wenye ndevu. Chumba akapata kwa fundi huyohuyo, pamoja na wenziwe wawili, madirisha wazi, kelele za redio. Kila wiki anakwenda kwa yule wa ustawi, anakaa na wengine wenye mambo kama yake, wanasema. Wanasema nini sijui. Lakini mara ya kwanza nilipomwona njiani, chokaa mpaka kwenye nyusi, aliniigizia fundi wake anavyopanda ngazi ya kamba, nikashika ukuta kwa kucheka.

Ijumaa moja nateremsha kapu, navuta, ndani mna embe mbichi na pilipili. Nikachungulia. Dada.

"Hizo hazina sukari," akasema kutoka chini.

Nikamfungulia. Akapanda, akakaa kwenye kiti kilekile, akavua mtandio, akaukunja vizuri sana, akaukunjua.

"Mie nitakufa," akasema.

"Sote."

"Nikifa nani atamwita mwanangu? Nani atamuuliza umekula nini leo? Nilitaka nimwachie mtu, basi. Hayo ya Nungwi yalikuwa hayo tu."

Siku zote zile nilikuwa na hasira na uongo wake, na chini ya uongo kumbe mlikuwa na hicho. Nikamwambia, "Mie nitamuuliza."

"Hapa kwako kuna mtoto."

"Kuna na kapu."

Basi ndo mpango wetu huo. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, anakuja anasimama chini ya dirisha. "Hodi, mama mdogo. Yumo?" Mjukuu wangu akiwa hayumo, anapanda, anakula, ananihadithia habari za mafundi, na chumvi anatia. Akiwa yumo, nasema "yumo," na kapu linateremka na pilau lake, anakaa kwenye baraza ya muuza kahawa ng'ambo ya kichochoro, na tunazungumza hivyohivyo, mie juu yeye chini, mtaa wote unasikia kala nini na kalipwa lini. Mama wa mjukuu wangu anajua yote, na hakuna alochukia. Mtoto mwenyewe nimemwambia kwa kiasi chake: huyu hapandi wewe ukiwemo, na popote akikwita usende, njoo kwangu mbio. Akasema sawa. Akauliza kama anaweza kuvuta kamba siku hizo. Nikamwambia siku hizo kamba yangu.

Na yule mjane wa Nungwi? Alinipigia.

"Bi," akasema, "mie washenga wamekuja wengi. Wewe ndo wa kwanza kuanza na kasoro. Nitafutie mume."

Nnamtafutia hadi leo. Na habari zimeenea, siku hizi wananijia watu kutoka hata Makunduchi, wanasema tunataka yule bibi anosema kasoro kabla ya halwa. Biashara haijapata kuwa nzuri hivi.

Ijumaa ya juzi mvua ilikuwa inapiga tangu asubuhi, kichochoro kimegeuka mto. Dada alikuwa kwangu. Mjukuu kalala chumba cha ndani, kajifunika shuka yangu. Tukasikia chini:

"Hodi, mama mdogo. Yumo?"

Nikachungulia. Kasimama chini, karowa chapachapa, chokaa ya kichwani imegeuka uji unamtiririka shingoni.

Dada akanishika mkono. "Anarowa mwanangu," akanong'ona. "Mtoto kalala, na sisi wawili tupo. Mwambie apande. Leo tu."

Na ule muhali ulinikaba, sitaficha. Dada mwenyewe huyo, mkono wake wa baridi juu ya wangu, na mwana chini kwenye mvua. Nikafungua mdomo na sikujua litatoka neno gani.

"Viatu vya mtoto naviona hapa mlangoni," akasema kutoka chini, kabla yangu. "Teremsheni tu. Nakwenda pale kwa kahawa."

Nikafunga mdomo. Nikasema, "Yumo."

Dada akamwangalia, akauacha mkono wangu, akachukua sahani ya pilau, akaifunika kwa sahani nyengine, akaiweka kwenye kapu. Akazunguka chumba mpaka akauona mwavuli wangu, ule wa maua uliovunjika mbavu moja, akautia na wenyewe. Akashika kamba.

"Polepole," nikamwambia, "kachumbari isimwagike."

"Najua kuteremsha kapu."

Likafika. Akaufungua ule mwavuli wa maua, akaweka sahani kifuani, akavuka kichochoro akitembea kama bwana harusi kiatu kinambana. Wanywa kahawa wakamsogezea nafasi. Baada ya muda tukasikia sauti yake inapasua mvua.

"Mama, chumvi imezidi."

Dada akatoa kichwa dirishani mpaka mvua ikampiga usoni. "Kapika mama yako mdogo," akamjibu. "Mwambie yeye."